Shahidi wa Vumbi: Maji Yanavyoingia Katika Buti la Gari Kule Turkana

Mtu aliyeambiwa kwamba mji wa Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima, na kwamba hata hizo huenda zikashuka zote katika siku chache zisizotabirika, aghalabu hudhani ya kuwa habari za maji kuvuja ndani ya buti la gari ni habari za watu wa Mombasa, ambako masika hayana simile, au za Kericho, ambako mvua ya alasiri ni kama saa ya ukutani, wala hazimhusu mkazi wa Turkana, ambaye kesi yake na maji ni kuyakosa na si kuyapata mahali asipoyataka. Dhana hiyo ina sura ya kweli, na yamkini ndiyo inayowafanya mafundi wengi wasiitie maanani habari hii mpaka mshitiri awajie na gunia la sukari lililogeuka shira. Walakini mwenye kuchunguza ataona kwamba mambo ni kinyume: katika nchi kavu, ukame ndio unaofungua matundu, na mvua haifanyi ila kuitangaza kazi ambayo jua lilikwisha kuimaliza zamani.

Chukua miaka hii ya karibuni. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo katika nchi kavu za Kenya. Kisha, mwishoni mwa 2023, ikaja mvua ya El Nino, ikajaza laga, yaani mito ya msimu, na kukata barabara. Gari lililokaa Lodwar muda huo wote, likiegeshwa mbele ya duka au penye stendi pasipo hata kivuli cha mgunga, lilipigwa kila mchana na joto la nyuzi 35 na zaidi, hayo yakiwa ni ya kivulini. Juani penyewe bati na mpira mweusi hupita nyuzi 60 kwa wepesi. Sasa itazame raba inayouzunguka mlango wa buti. Mpira wake si ule wa mtini, bali ni wa viwandani, uliochaguliwa kwa sababu ya kustahimili jua na hewa kuliko mipira mingine. Lakini kustahimili si kutokufa, na maradhi yake makubwa si kupasuka bali ni kusahau. Mlango ukifungwa, raba hubanwa, na kazi yake yote ni kusukuma kurudi ilikotoka. Ikibanwa katika moto mchana baada ya mchana, polepole huacha kusukuma, hubaki bapa kama godoro la mgonjwa wa siku nyingi, na ukiitazama kwa jicho huioni kasoro yoyote, maana haina ufa wala tundu. Wanakemia wana kanuni yao ya kukadiria, kwamba joto likiongezeka nyuzi 10 kazi ya kuharibika huenda karibu mara mbili kwa upesi, na kwa kanuni hiyo mwaka mmoja wa Lodwar si sawa na mwaka mmoja wa Limuru.

Fauka ya hayo, magari yenyewe hayaji Turkana yakiwa mapya. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8, na aghalabu yale yaingiayo katika bandari ya Mombasa kutoka Japani hukaribia ukomo huo; nayo yakishachoka Nairobi na Eldoret ndipo huanza maisha yao ya pili kaskazini. Baadhi yao yametembea katika mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyizwa chumvi, na kutu ya chini ya bati ni urithi yaliyokuja nao. Kati ya yote, lililoshika njia ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, ni Probox, gari ambalo Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002 kwa ajili ya wachuuzi na mafundi wa Japani kubebea bidhaa zao, na ambalo huku kwetu limefanywa kuwa matatu, lori na wakati mwingine gari la wagonjwa kwa pamoja. Watu hujaa ndani, mizigo hujaa nyuma, na kisichopata nafasi hupandishwa juu. Neno hilo la juu nitalirudia, maana lina taksiri kubwa katika jambo hili.

Kwanza nataka kusema habari za vumbi, kwa kuwa ndilo shahidi ambaye wachunguzi wa nchi za mvua hawanaye, na sisi tunaye wa kumwaga. Upepo uvumao katika bonde lililo baina ya nyanda za juu za Uhabeshi na zile za Kenya ni mkali kiasi cha kwamba wanasayansi wa hali ya hewa wameupa jina la Turkana, na hubeba mchanga mwembamba unaopenya mahali ambapo wembe haupiti. Tena gari lenye mgongo wa mraba likienda kwa kasi huacha nyuma yake pahala penye upungufu wa hewa, na hewa yenye vumbi huzunguka ikarudi kuugonga mlango wa nyuma; dereva akiwa amefungua vioo vya mbele, hewa ya ndani hunyonywa kwenda nje, na kila mwanya ulioko katika buti hugeuka kuwa pua inayovuta. Madereva wazoefu wanaijua siri hii hata kama hawajaifundishwa: hufunga vioo vyote, hufungulia feni ivute hewa ya nje, na hewa ya ndani ikizidi ile ya nje, vumbi hukosa njia.

Basi mchunguzi afanye kinyume chao. Atoke Lodwar buti likiwa limefutwa vizuri kwa kitambaa kikavu, vioo viwe wazi, apite njia ya vumbi, kwa kuwa lami mpya ya barabara kuu itamnyima ushahidi; na akifika Kakuma asiruhusu mtu yeyote kufuta kitu. Atoe mizigo, atoe zulia na ubao wa chini, kisha amulike tochi kwa ubavu, si kwa kuielekeza moja kwa moja. Ataona vumbi limejipanga kwa umbo la upepeo wa ukili, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, na pale penye wembamba ndipo penye tundu. Hakuna maji yawezayo kuandika kwa hati iliyo wazi namna hii, kwa kuwa maji yakiingia huteremka, hutambaa chini ya zulia, hukusanyika mahali pa chini kabisa, na mwenye gari akayakuta hapo akadhani hapo ndipo yalipoingilia. Makosa mengi ya matengenezo yametokana na jambo hilo moja, la kupaziba pale maji yalipolala badala ya pale yalipopitia.

Hata hivyo shahidi huyu naye yafaa ahojiwe, asiaminiwe kwa kila neno. Kila palipopita maji, vumbi lilitangulia. Ila si kila palipopita vumbi maji yatapita. Magari karibu yote yana matundu ya kupumulia, yaliyofichwa nyuma ya bampa, yenye vilango vyepesi vya mpira vinavyofunguka mlango mwingine unapobamizwa ili hewa itoke. Vilango hivyo vikishikwa na mchanga vikabaki wazi, vumbi litaingia kwa wingi na mchunguzi ataduwaa, ilhali mvua ya kutoka juu haiwezi kufika hapo. Vitolewe, vioshwe, virudishwe.

Sasa nirudi juu. Keria ya juu ya gari, lile tandiko la chuma linalobeba magodoro, mbuzi, na magunia ya samaki wakavu wa Kalokol, wakati mwingine hufungwa kwa vibano visivyotoboa kitu, na wakati mwingine, kwa kuwa mzigo ni mzito na njia ni mbaya, fundi huchukua drili akatoboa paa na kutia bolti. Kwa siku ile ya kwanza huzungushia gundi, na gundi hushika. Lakini mzigo wa juu hauketi kimya. Kila shimo la barabara huusukuma mbele na nyuma, bolti hutikisika, tundu hupanuka kidogo, na baada ya miezi michache gundi imebaki kama pete iliyolegea kidoleni. Mimi binafsi niliwahi kununua raba mpya ya mlango wa nyuma, nikangoja iletwe kutoka Nairobi, nikalipa na ujira wa kuivalisha, na mvua ya kwanza ya akiporo, msimu wa mvua wa Waturkana, ikanionyesha dimbwi lile lile pembe ile ile. Maji yalikuwa yakiingia katika bolti ya keria, yakitembea juu ya kitambaa cha dari mpaka kwenye nguzo ya nyuma, na kuteremka ndani ya nguzo kimyakimya. Mwenye gari la namna hii asianze kwa raba. Aanze kwa bolti, kisha shina la antena, kisha ile mifereji miwili ya paani iliyofunikwa kwa utepe wa mpira, maana chini ya utepe ule ndipo mabati ya paa na ya ubavu yanapoungana, na lakiri ya kiwandani iliyotiwa katika maungio hayo hukauka na kupasuka kwa mtikiso wa miaka.

Taa za nyuma hazihitaji maneno mengi. Kila moja hukaa juu ya utepe wa sponji, na sponji ikishagandamana haina kazi tena. Taa ya tatu ya breki, ile ya juu, ina kasoro hiyo hiyo, na mpira wa maji ya kuoshea kioo cha nyuma ukipasuka ndani ya mlango humwaga maji kwa amri ya dereva mwenyewe, akiwa hajui.

Lakini mlango ambao Turkana inao kuliko nchi nyingine ni ule wa chini. Laga, kama ajuavyo kila aliyeishi huko, ni mto usio na maji mpaka siku ulipo na maji mengi mno. Kawalase ya Lodwar na Tarach ya Kakuma huweza kuamka wakati mbingu za hapo mjini ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha mbali vilimani. Gari linalovuka laga huwa linazamishwa kwa chini, kama chombo cha baharini, na hapa msamiati wa pwani hutufaa kuliko wowote. Wanamaji wetu huita ngama sehemu ile ya chini ya jahazi ambamo maji hukusanyika. Na lile shimo la duara chini ya ubao wa buti, ambamo gurudumu la akiba hulazwa katika magari mengi madogo, ndilo ngama ya gari. Kiwandani bodi nzima huchovywa katika birika la rangi ya kuzuia kutu, na rangi ile lazima ipate pa kutokea, ndiyo sababu sakafu ina matundu kadhaa ambayo baadaye huzibwa kwa vizibo vya mpira. Vizibo hivyo hukauka, hugongwa na mawe, huanguka njiani pasipo mtu kusikia. Na kimoja kikikosekana, kuvuka laga yenye maji ya magoti kwatosha kuijaza ngama ile kabla ya kufika ng'ambo. Wala mtu asinielewe kwamba nasema gari likishazibwa vizuri livuke. Maji yaendayo kwa nguvu, yenye kina cha sentimita 30 tu, huweza kulisukuma gari dogo nje ya njia, tena gari lililozibwa barabara huelea upesi kuliko lile linalovuja.

Na kuna mavujo yasiyo mavujo. Pahala ambapo watu husafiri na mitungi ya maji ya lita 20 ndani ya buti, mfuniko uliochakaa ukisaidiwa na matuta waweza kumwaga lita nzima bila ya mvua kuhusika kwa lolote. Kabla ya kumlaumu fundi, mshitiri aulizwe alibeba nini.

Vumbi likishataja mahali, inabaki kuthibitisha kwa maji, na hapo ndipo maelekezo ya vitabu vya nchi za mito hutuchekesha, maana husema ufungulie mpira wa bustani kwa dakika 10. Mwaka 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza hazina kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, na ile kubwa zaidi, ya Lotikipi, baadaye ikaonekana kuwa maji yake yana chumvi. Kwa hiyo kipimo cha maji kwa nyumba nyingi bado ni mtungi, nao una bei. Twahitaji njia ya lita mbili au tatu. Ichukuliwe chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo, mtu mmoja aingie ndani ya buti na tochi, kiti cha nyuma kikiwa kimelazwa ili asifungiwe pasipo njia, tena iwe alfajiri au asubuhi mapema, kwa kuwa buti lililofungwa katika jua la Lodwar ni tanuri na si mahali pa kumweka kiumbe. Aliye nje amwage kidogo kidogo, akianzia chini na kupanda juu, taa kwanza, kisha kizingiti, kisha pembe za juu, na mwisho paa, akingoja dakika kadhaa kila mahali. Akianzia juu, maji yatateremka yakalowesha kila kitu, na ushahidi utachanganyika kama kesi iliyoingiliwa na jamaa wa pande zote mbili. Mashine ya kuoshea magari isitumiwe katika kazi hii, maana nguvu zake huingiza maji hata pale ambapo mvua ya Nuhu isingeweza.

Ipo na njia inayotumia kikombe kimoja tu. Vioo vifungwe, feni iwekwe mwisho ikivuta hewa ya nje, na maji ya sabuni yapakwe kwa burashi juu ya maungio, taa na raba. Hewa ikitoka, povu litachemka mahali penye mwanya. Kwa raba iliyosahau kazi yake, chaki yatosha: ukingo wa bati upakwe chaki, mlango ufungwe, ufunguliwe, na palipokosa alama nyeupe juu ya raba ndipo pasipobanwa. Mara nyingi dawa yake si raba mpya bali ni kulegeza bolti mbili za kitasa na kukisogeza ndani kidogo, kazi ya robo saa.

Nimekwisha kutaja jahazi, na katika kuziba pia mafundi wa Lamu wana la kutufunza. Kalafati yao ni pamba iliyolowekwa mafuta na kusukumwa ndani ya maungio ya mbao, wala hawaipigi mpaka chombo kimepandishwa pwani, kimekauka, na pamba mbovu ya zamani imekwanguliwa yote. Fundi wa gari apakaye gundi mpya juu ya ya zamani, juu ya vumbi, juu ya unyevu, hajaziba kitu, amefunika tu. Gundi yenyewe nayo ina elimu yake. Ile silikoni ya bei nafuu yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati lililo tupu, hata tundu likaonekana limepona kwa nje ilhali kutu inatafuna kwa ndani. Kwa maungio ya bodi hutakiwa lakiri ya polyurethane, na kwa taa utepe laini wa butili usiokauka. Raba hailainishwi kwa oili chafu ya injini, kama nilivyoona ikifanywa ili ing'ae machoni pa mnunuzi, kwani ingawa mpira ule asili yake ni mafuta ya petroli, mafuta ndiyo yanayouvimbisha na kuuharibu. Mafuta ya silikoni, kidogo tu, ndiyo yanayoufaa.

Kwa upande mwingine, wale mafundi wa jua kali wakatao tyubu kuukuu na kuzungushia nyuma ya taa au chini ya bolti za keria wamechekwa na watu wengi, nami nadhani waliowacheka wamekosea. Tyubu nyingi za magurudumu hutengenezwa kwa mpira wa butili, uliochaguliwa hasa kwa kuwa hewa haipiti ndani yake, nao huvumilia joto na jua. Kipande safi kilichokatwa kwa kipimo, kikawekwa baina ya chuma na bati na kubanwa sawasawa, ni kazi halali. Pasipotosha tyubu ni kwenye mlango wa buti wenyewe, kwa sababu pale hutakiwa raba yenye uvungu ndani, ibonyee na kurudi.

Baada ya kuziba, kukausha. Hewa ya Turkana ni kavu, na mchana mmoja wa buti wazi hufanya kazi ambayo Mombasa ingetaka juma zima; lakini vumbi lililogeuka tope chini ya zulia hushika unyevu, na tope la karibu na Ziwa Turkana, ambalo maji yake ni ya magadi, halifai kuachwa juu ya chuma. Likwanguliwe, kutu ipigwe msasa mpaka bati ling'ae, rangi ya zinki itiwe kwanza. Mwenye gari la haibridi afanye hima kuliko wote, kwa kuwa katika magari mengi ya aina hiyo betri kubwa iko jirani na buti, na umeme wake si wa kuchezewa na maji.

Imebaki hoja moja ambayo sijaona mafundi wakiafikiana. Wapo waving'oao vizibo vya ngama makusudi, wakisema maji yakiingia kutoka juu yapate pa kutokea; na wapo wavizibao kwa gundi ya kudumu, wakiiogopa laga. Wa kwanza ni wengi zaidi mjini Lodwar, kwa kadiri nilivyoona, na gari lisilotoka mjini halitadhurika kwa shauri lao, isipokuwa vumbi. Ama gari la Kakuma lina desturi nyingine, niliyoiona kwa dereva mmoja aliyekuwa akingoja Tarach ipungue: kizibo chake kilifungwa kwa kipande cha kamba ndani ya buti kisipotee, nacho kilikuwa mahali pake, na tulipokwisha kuvuka, maji yakiwa yameshuka chini ya vifundo, alisimamisha gari juu ya ukingo, akafungua ubao, akagusa chini kwa vidole, vikatoka vikavu, akafunga akaenda zake.